Begi Nyuma ya Mlango

Tarehe 9 Januari

Kwa wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na binti yetu, na cherehani yako bado haijakuasi. Mimi sijambo, ila miguu tu, maana wodini tumepungua na sisi wauguzi tuliobaki tunakimbia kwa niaba ya walioondoka. Mama naye hajambo. Magoti yanamsumbua akiamka, yakipata jua yanatulia.

Najua umezoea kunisikia kwa simu, hujambo, sijambo, basi. Tangu msiba tumekuwa hivyo. Hili nimeona niliandike, kwa sababu kwenye simu ningelimeza.

Mwaka wa pili unakwisha tangu kaka atutoke, na hakuna mtu wa damu yake aliyefika kule mlimani alikofia. Wenzangu wa hospitali wanapanda mwezi wa tatu, nami nimejiandikisha. Nataka kufika kwenye kile kibanda cha juu wanakopumzika wapandaji, nione alipopita. Sina zaidi ya hilo.

Sasa nina ombi. Niliingia duka la vifaa vya safari nikatoka na kizunguzungu. Mabegi ya mgongoni ya kila namna, mikanda inaning'inia kila upande, na muuzaji kila nikishika moja anasema hilo hasa ndilo langu. Nikakumbuka begi la kaka, alivyolisifia. Ukiwa radhi, niazime. Nitalitunza na kulirudisha.

Ni mimi,
wifi yako anayekukumbuka

*

Tarehe 21 Januari

Kwa wifi yangu,

Salamu zako zimefika, nasi tunazirudisha zikiwa nzima. Binti anauliza shangazi atapanda mlima kwa miguu ipi, hiyo inayolalamika kila siku au nyingine. Mpe mama pole kwa magoti, japo najua hutamfikishia.

Niombe kitu kingine chochote, hata cherehani nitakupa. Begi hilo siwezi. Limesimama nyuma ya mlango wa chumbani, vilevile lilivyoletwa. Watu wa uokoaji hawakulifungua. Walisema vitu vya marehemu hufunguliwa na wenyewe. Mimi ndiye mwenyewe, na sijalifungua. Nikifagia, nalizunguka.

Unajua kaka yako alivyokuwa. Fundi wa mitambo ya kupima mvua na upepo, kila mwezi yuko juu, mpaka wenzake wakamwita Mzee wa Mawingu. Na unajua begi nilimfungashia mimi tangu tulipooana, kwa sababu yeye alifungasha kama mtu anayekimbia moto. Walimkuta ameegemea jiwe, baridi imemmaliza, begi liko pembeni, na koti lake zito halipo mwilini. Njiani hawakuliona. Basi limo humo ndani. Siku ya mazishi mama alisema mbele ya watu, "Aliyemfungashia ndiye ajuaye koti aliliweka wapi." Hakuna aliyemjibu. Hata wewe, wifi.

Siku niliyomfungashia nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Nilifungasha mikono ikiwa kwenye begi, akili ikiwa kwenye vifungo. Nimejaribu kukumbuka kama koti nililiweka juu au chini, na kila nikikumbuka jibu linabadilika. Nikilifungua nikalikuta chini, mama atakuwa amesema kweli. Nitaishije na hilo? Naliogopa begi lile kuliko ninavyoogopa kaburi lake.

Lakini siwezi kukuacha mikononi mwa muuzaji. Msikilize fundi cherehani. Kwanza pima mgongo wako, si urefu wako: kuanzia ule mfupa wa shingoni unaojitokeza ukiinama, mpaka usawa wa nyonga. Wewe ni mrefu kwa sababu ya miguu, mgongo umepewa kidogo tu, kwa hiyo usichukue begi refu kwa majivuno. Mwambie alijaze vitu vizito dukani humohumo, ulivae, utembee. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga na ubebe mzigo. Mabega yasaidie tu. Kisha geuza uangalie mikanda ilipoungwa. Ushono mmoja ulionyooka, rudisha. Unataka uzi uliopita na kurudi, wenye kiraka ndani.

Wako,
wifi

*

Tarehe 18 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Habari za huko? Sisi tunaendelea vizuri. Mama nimemfikishia pole yako, tena kwa sauti. Akaenda kuangalia maji jikoni.

Uliyoandika ni kweli, nilinyamaza. Nilikuwa nalia, nikadhani kulia kunatosha. Hakukutosha, na imeniuma kukusoma. Kuhusu begi sitakuomba tena. Likae hapo mpaka wewe mwenyewe useme.

Nimenunua la kwangu. Muuzaji aliona aibu nilipogeuza mikanda na kuanza kuvuta nyuzi, akaniuliza kama mimi ni mkaguzi. Ni la kijani, mgongo mfupi kama ulivyonitukana, mkanda wa kiunoni mpana. Nalijaza chupa za maji na kupanda nalo ngazi za hospitali nikimaliza zamu. Wagonjwa wa ghorofa ya juu wameanza kunishangilia.

Tatizo ni kulipanga. Jumamosi tulikwenda kujaribu vilima vya nje ya mji. Mvua ikaanza, na koti langu la mvua lilikuwa chini ya kila kitu. Nililaza begi kwenye matope, nikatoa soksi, mkate, sufuria, nguo za kulalia, wenzangu wakinisubiri. Nilipolipata nilikuwa nimelowa mpaka ndani. Baridi ile ilinifanya nimfikirie kaka, nikaogopa. Nifundishe, wifi. Kama inakuumiza kuandika mambo hayo, acha, nitaelewa.

Wifi yako

*

Tarehe 27 Februari

Kwa wifi,

Sisi wazima. Binti ana mafua madogo, yanamfaa kwa kukwepa hesabu.

Inaniuma, lakini nitaandika. Ukilowa wewe nitaumia mara mbili.

Chini kabisa weka kile ambacho hutakihitaji mpaka ufike pa kulala: begi la kulalia na nguo za kulalia, ndani ya mfuko wa nailoni. Juu yake, katikati na karibu na mgongo wako, weka vizito: chakula, jiko, sufuria. Vikiwa mbali na mgongo vitakuvuta nyuma. Vyepesi vizunguke vizito ili visicheze. Juu kabisa koti la baridi na koti la mvua, bila kitu kingine juu yao. Mfuko wa kifuniko ni wa tochi, kiberiti, bandeji na dawa. Maji pembeni, mahali mkono unapofika bila kuvua begi. Filimbi na glukosi kwenye mkanda wa kiunoni. Ukimaliza, fumba macho ujaribu kutoa koti kwa mkono mmoja. Ukishindwa, anza upya.

Na ukishapanga, usibadilishe njiani. Kila ukitoa kitu, kirudishe palepale, hata ukiwa umechoka. Kaka yako nilimwambia hivi mpaka ulimi ukachoka.

Nimeandika haya yote mikono ikienda yenyewe hewani. Mikono inasema koti huwa juu. Lakini siku ile ilikuwa na haraka, na siwezi kula yamini.

Nenda salama. Rudi.

Wifi yako

*

Tarehe 30 Machi

Wifi yangu,

Nimerudi. Mzima, ngozi ya pua imebambuka, kucha moja ya mguu imekwenda. Koti langu lilikaa juu safari nzima, na nililitoa kila nilipolihitaji. Asante.

Kaa chini ndipo usome yanayofuata.

Kibanda cha juu kina mlinzi, mzee mkimya, anapika chai nzito na kuwauliza watu wametoka wapi. Nilipomwambia mimi ni nani, aliweka kikombe chini. Alisema, "Nilidhani ndugu zake hawatakuja kamwe." Ndiye mtu wa mwisho kumwona kaka siku ile. Baadaye alishuka likizo, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumuuliza kitu.

Anasema kaka alifika pale asubuhi na koti lake zito mwilini. Jua likatoka kali, akalivua. Kifaa kimoja cha mtambo kilikuwa kimelegea, akatafuta bisibisi, na alipoikosa akamwaga begi zima juu ya meza. Begi zima, wifi. Mlinzi alinionyesha meza yenyewe, ya mbao, ina alama ya moto pembeni. Kisha akarudisha vitu ndani kwa mkono wake, kwa haraka, anataka kuwahi kabla mawingu hayajafunga. Akacheka, akasema, "Mke wangu akiona hili atanifukuza." Akaondoka na shati tu. Alasiri mawingu yakafunga na mvua ya barafu ikaja.

Kwa hiyo begi unaloliogopa si lile ulilolifunga wewe. Lako liliishia kwenye meza ile. Koti hata likiwa chini, si wewe uliyeliweka.

Nililia mpaka mlinzi akatoka nje kuniacha. Nililia kwa ajili ya kaka, na kwa ajili yako.

Wifi yako

*

Tarehe 24 Aprili

Wifi,

Salamu. Hujajibu, na simu hupokei. Jana binti aliipokea yeye, akaniambia mko wazima, nikatulia kidogo.

Nimemweleza mama maneno ya mlinzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mlinzi ni mtu wa nje, atasema lolote la kumpoza mtu." Kisha hakula. Leo asubuhi nimemkuta amevaa, anauliza basi la kuja kwenu linaondoka lini. Nimemwambia asubiri, hataki. Anafika Jumamosi. Ukitaka nije naye, niambie haraka.

Wifi yako

*

Tarehe 12 Mei

Kwa wifi yangu mpendwa,

Natumaini u mzima na kucha imeota. Sisi wazima. Nisamehe kwa kunyamaza. Barua yako ya mlima niliisoma, nikaiweka juu ya begi, nikashindwa kwenda mbele wala kurudi. Kumwamini mlinzi nilitaka sana, na ndiyo maana niliogopa kumwamini.

Mama alifika. Alikaa, akanywa chai, akamwangalia binti kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Liko wapi?" Tulilivuta mpaka kwenye mkeka. Zipu ilikuwa imekaza, nikaisugua kwa mshumaa. Nikamwambia, "Mama, fungua wewe. Nisije nikaambiwa nimegusa."

Juu kabisa ilikuwa sufuria. Chini yake bisibisi, soksi moja, mkate uliogeuka unga, taulo lililosokotwa. Nilicheka, wifi, Mungu anisamehe. Nikasema, "Haya ndiyo mafungasho ya mwanao." Mama hakucheka. Aliendelea kutoa, na koti lilikuwa chini kabisa.

Mama alilipakata. Lilikuwa limeviringishwa, mikono imeingizwa ndani, na lote limesukumwa ndani ya kofia ya koti lenyewe mpaka likawa furushi dogo. Mimi nguo naikunja bapa, mikono nyuma, ndivyo nilivyofundishwa kwenye cherehani. Sijawahi kuviringisha nguo maishani mwangu. Mama aliligeuza, akaligeuza tena. Akasema, "Hivi nilimfundisha mimi. Sanduku lilikuwa moja, na watoto walikuwa wengi."

Nilidhani siku nitakayojua si mimi, nitaruka kwa furaha. Sikuruka. Nilimwona mama anaubeba mzigo niliokuwa nimeubeba mimi, na nikashindwa kumwachia. Nilimshika mikono nikamwambia, "Mama, jua lilikuwa kali, akavua koti. Ulimfundisha kuviringisha nguo, basi." Tulilia pamoja, jambo ambalo hatukulifanya siku ya mazishi. Baadaye akasema, "Nilikusema mbele ya watu. Nitayarudisha maneno yangu mbele ya watu walewale." Nimemwambia si lazima. Amesema ni lazima, na wewe uwepo.

Jana aliniomba nimwonyeshe ninavyofungasha. Tulipanga vitu vyote kwenye mkeka, mimi nataja, yeye anaweka. Furushi la koti hakutaka lifunguliwe, nami sikutaka. Aliliweka la mwisho kwa mkono wake, akafumba macho, akalitoa kwa mkono mmoja, akalirudisha.

Begi halipo tena nyuma ya mlango. Liko sebuleni, linakungoja. Ukipanda tena, njoo ulichukue. Koti liko juu.

Wifi yako