Mfuko wa Gauni la Mama

Phiona na Ivan,

Nimekwenda mjini Koboko kutafuta vifungo vya mgongoni. Gauni la harusi la Mama limetundikwa chumbani kwangu. Kuku wasiingie. Baba pia asiingie! Amekaa na Mama mpaka Ivan ameota ndevu, atashindwa kungoja hiyo Jumamosi ya kufunga ndoa kanisani?

~~Phiona, fumua ule mfuko wa ubavuni.~~

Hapana, mfuko usiguswe. Jana Mama alipolijaribu gauni alipapasa ubavuni, akauliza, "Mfuko uko wapi?" Nikamwambia bibi harusi haendi soko la Inde kuuza mbegu za simsim. Leo asubuhi nimemkuta kwenye cherehani, ile ile aliyonifundishia kushona, amefumua mshono wangu na kutia mfuko. Kwenye satini yangu! Nilipandwa na hasira. Nikamuuliza, hata siku hiyo utabeba funguo za stoo?

Akasema, "Kitambaa cha machozi. Tena si changu. Mimi na baba yako tumeshazoeana, sitalia. Wewe ndiye utalia, na tangu utoto wako hujawahi kubeba kitambaa."

Nikaenda kumpikia chai. Mpeni kabla haijapoa, na mwambieni asante. Mwambieni pia mshono wake umenyooka kuliko wangu. Pasi ya makaa isikaribie gauni.

Na kama karatasi hii imelowa hapa chini, ni chai.

Dada yenu mkubwa,
Pasca