Kihispania Katika Bucha Yako

Rafiki yangu Njoroge,

Niwie radhi. Tangu tukuzike Ndabibi sijakuandikia hata mstari mmoja, na sasa mwaka unakaribia kwisha. Sina udhuru. Mwanafunzi aliyechelewesha kazi namna hii ningemsimamisha mbele ya darasa, kwa hiyo nimejisimamisha mwenyewe.

Bucha yako ya Kikopey bado iko wazi. Binti yako Wanjiku anaiendesha vizuri kuliko ulivyotabiri, na Otieno bado ndiye mchomaji wa nyama. Lakini wateja wamepungua. Jirani wa ng'ambo ya barabara amemwomba Wanjiku amuuzie, naye ameahidi kumjibu kabla ya mwezi huu kwisha. Katikati ya hayo ikaja kampuni inayotembeza watalii wanaozungumza Kihispania. Inatafuta mahali pa kula njiani kwenda Nakuru, na inataka wahudumu wanaoielewa lugha hiyo. Wanjiku alinijia nyumbani Gilgil.

"Mwalimu," alisema, "baba alituambia ulifundishwa hiyo lugha na padri. Hawa wageni wakikubali, siuzi. Wakikataa, sina nguvu tena."

Nilikubali kabla chai haijapoa.

Unakumbuka nilivyojaribu kukufundisha wewe? Nilikueleza kwamba kila nomino yao ni ya kike au ya kiume: nyama, la carne, ni ya kike, mkate, el pan, ni wa kiume. Ukaniuliza ugali ni mume au mke. Nikakujibu kwamba ugali hawana. "Sasa watu hawana ugali watanifunza nini?" ulisema, ukarudi kwenye moto wako. Nilikukasirikia siku mbili. Leo ningekubali kukasirishwa hivyo kila siku.

Otieno amekuwa mwanafunzi bora kuliko wewe. Tulisomea uani alasiri, na sikumhurumia. Agua, maji. Sal, chumvi. Quiero, nataka. Nilipomwandikia tengo hambre, nikamwambia maana yake ni "nina njaa", neno kwa neno kama tunavyosema sisi, aliweka kalamu chini.

"Kumbe hata wao wako na njaa kama sisi," alisema. "Basi ni watu tu, Mwalimu."

Nilimsahihisha: wana njaa. Lakini alikuwa amesema kweli.

Ijumaa iliyopita wakaja, wageni tisa na kiongozi wao. Otieno aliwauliza kwa Kihispania safi wanataka kula nini, nami nikanyoosha mgongo kama siku ya mkaguzi. Walikula vizuri. Kisha mama mmoja wa umri wetu akasema, "No quiero más, gracias." Hataki zaidi, ahsante. Nilielewa kila neno. Otieno pia alielewa. Na sote wawili tukamwongezea ubavu.

Ungefanya vivyo hivyo, usikane. Kwetu mgeni akisema ameshiba mara ya kwanza, hiyo ni adabu tu, na mwenyeji anayemwamini huitwa mchoyo. Mama yako alikuwa akinijazia sahani mpaka nisimame. Yule mgeni akala kwa heshima. Akakataa tena, tukaongeza tena. Mara ya tatu akaufunika ubao wa nyama kwa mikono yake miwili, na kiongozi wao akaandika kitu kwenye daftari lake.

Wanjiku akatoka jikoni. "Mwalimu, si amesema hapana? Na si ni wewe umetufunza hiyo hapana?"

Nilimwomba mama yule msamaha, nikamweleza desturi yetu kwa sentensi fupi ninazozimudu. Alicheka, akanishika mkono. Kiongozi hakucheka.

Sikukata tamaa. Jana nilimfanyia Otieno mtihani, mimi nikiwa mgeni: nikisema nimeshiba, aniamini mara ya kwanza. Alianguka mara mbili, akapita ya tatu.

Leo asubuhi kampuni imejibu. Itawaleta wageni mara moja kwa wiki, kwa majaribio. Hiyo si ndiyo wala si hapana, na jirani bado anasubiri. Wanjiku akaniuliza, "Baba angesema nini?"

Njoroge, najua ungesema nini, kwa sababu uliniambia ukiwa hospitalini: Wanjiku asifungwe na moshi wa bucha yako. Nilimwambia hivyohivyo, bila kupunguza neno. Sikumwambia kwamba benchi lile la bucha, tulilokuwa tukikalia mimi nawe, ndilo mahali pekee palipobaki ambapo mtu hubishana nami. Hilo nakwambia wewe.

Nadhani atabaki. Akiuza, nitamsaidia kuuza vizuri.

Lala salama, ndugu yangu. Siku Wanjiku atakapoamua, auze au asiuze, nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu