Mabati Yako Yamefika, Wifi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, mvua ikinyesha.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima? Na mguu, umepona? Sisi hatujambo, ila kaka yako kifua kimembana tangu mvua zianze.

Mabati uliyotuma yalifika. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Miaka yote hii nakinga matone kwa sufuria, hata za kupikia nazitafuta juu ya kitanda! Fundi alikuja, akaezua yenye kutu, akaezeka upande wetu wa kulala. Wiki nzima tulilala pakavu.

Kaka yako unamjua. Amegombea ubunge mara tatu, kaangushwa zote, ndipo akagombea udiwani, na sasa ni diwani pekee wa upinzani katika baraza zima. Gari hana, shamba hana. Ana jina tu. Watu wanampa kura kwa sababu anavujiwa kama wao.

Basi juzi msibani, Mheshimiwa mbunge, yuleyule anayemwangusha, alimkumbatia mbele ya waombolezaji, akauliza kwa sauti, "Ndugu yangu, yale mabati yalitosha?"

Mtu ambaye hata msumari hajatupa! Angesema ni ya dada yake, nani angeamini? Kufika jioni soko zima lilishajua kanunuliwa. Muuza mkaa, mwenzetu tangu chama kinaanza, alikuja akaweka kadi yake mezani, hata kuketi hakuketi.

Nikamwambia mume wangu, siasa basi, tukae chini ya bati letu tupumue. Uchaguzi ni mwezi ujao, wamtafute mwingine.

"Nikiacha sasa," akasema, "nitakuwa nimeuzwa kweli."

Nilinuna. Akiendelea itabidi mabati yashuke, kifua kizidi; akiacha ni aibu. Tumebanwa, wifi.

Jana alimwita fundi ayashushe. Fundi akagoma, akasema haezui nyumba ya mgonjwa mawingu yametanda. Kaka yako akapanda mwenyewe, huku anakohoa, akayarudishia yale yenye kutu. Nililia kwa hasira, lakini ngazi nilimshikia.

Mabati yako sasa yameegemea ukuta wa nje, kila mpita njia ayaone. Sufuria zimerudi kazini.

Nisalimie shemeji na watoto. Mama mkwe anakuombea dua kila akiamka, Mungu aipokee. Ukija kututembelea tutafurahi mno. Ila nakusihi, wifi yangu, njoo mikono mitupu.

Wako akupendaye,
Wifi yako, mshika ngazi.