Joanti ya tundu moja

Jumanne. Tangu asubuhi ziwa halionekani. Ukungu umeshuka mpaka juu ya mabati ya mtaa wa Mabanga, na mimi sina nguvu hata ya kufungua redio.

Niandike moja kwa moja. Leo nimepima pistoni za ile jeep ya Lac Vert, na nimemjua aliyeiharibu.

Ni mimi.

Jeep hiyo ni ya kituo kidogo cha afya kule Lac Vert. Ni ya dizeli, ina turbo, na ndiyo gari pekee linaloleta mjini wanawake walioshindwa kujifungulia kituoni. Anayekiongoza kituo ni Mama Kahindo, mkunga mwenye asili ya Butembo. Wiki tatu zilizopita injini ilichemka njiani, ndani mkiwa na binti mdogo aliyekuwa na uchungu wa siku nzima. Dereva aliongeza maji, yakatoka yote kwa moshi mweupe. Wakampakia binti kwenye pikipiki, Mama Kahindo akamshikilia kwa nyuma. Binti alipona.

Mtoto alitoka akiwa amekwisha kufa.

Injini hiyo niliitengeneza mimi mwaka jana. Uso wa bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, ulikuwa umepinda kwa joto, nikaupeleka kwa fundi wa mashine, akaukwangua mpaka ukanyooka. Sasa, bloku ikipunguzwa, pistoni zikipanda zinachungulia juu zaidi kuliko zamani. Kwa hiyo joanti, kile kipande cha chuma kinachokaa kati ya bloku na kifuniko cha injini, inapaswa kuwa nene zaidi. Kiwanda kinaitoboa pembeni ili ujue unene wake: tundu moja ni nyembamba, mawili ya kati, matatu nene. Unapima kwanza, ndipo unachagua. Hayo nayajua tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Nimewafundisha wengine.

Sikupima.

Saa yangu ya kupimia pistoni, ile yenye sindano, ilikuwa nyumbani Majengo, na mvua ilikuwa inanyesha. Hiyo tu ndiyo sababu, sina nyingine. Niliangalia joanti ya zamani, nikaona tundu moja, nikanunua ya tundu moja. Injini ikawaka mara ya kwanza. Wafanyakazi wa kituo walinipigia makofi.

Nafasi kati ya pistoni na kifuniko ilikuwa imebana kupita kiasi, na turbo inasukuma hewa bila huruma. Joanti iliungua polepole kati ya silinda ya pili na ya tatu, mpaka maji yakapata njia.

Leo nimekuja gereji na ile saa. Nimezungusha injini kwa mkono, pistoni ikapanda, sindano ikapita kipimo cha tundu moja, ikapita na cha mawili. Nikapima zote nne. Nikapangusa kioo cha saa kwa shati, nikapima tena, kana kwamba kosa lingekuwa kwenye kioo. Halafu nikakaa juu ya tairi, nikabaki hapo.

Nimezunguka maduka yote ya vipuri ninayoyajua. Ya tundu moja imejaa kila mahali. Ya matundu mawili nimeona moja tu. Muuzaji aliniwekea mkononi.

"Papa Neema, weka tu hii. Ni hii njo wote wanaweka."

"Na pistoni ikigonga kifuniko?"

"Haitagonga leo."

Nikiri hapa: nilisimama na ile joanti muda mrefu, na karibu niichukue. Nimepiga simu hata ng'ambo ya mpaka, hakuna. Ya matundu matatu itatoka Kampala, na hakuna anayeweza kuniambia itafika siku gani.

Mchana Mama Kahindo alikuja mwenyewe gereji, na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliyoifunika kwa kitambaa.

"Papa Neema, umekonda. Kula kwanza." Kisha akaangalia injini iliyo wazi. "Kesho itatoka? Niko na wamama wawili, siku zao zimefika."

"Haitatoka, mama. Joanti yenye inafaa haiko."

"Si uweke kama ile ya mwaka jana?"

Ningeweza kunyamaza. Nilitaka sana kunyamaza.

"Ile ya mwaka jana njo ilifanya gari ife. Ilikuwa nyembamba. Nilipaswa kupima, sikupima."

Aliinama, akaangalia tena ndani ya injini.

"Ulijua?"

"Sikujua. Lakini ilikuwa kazi yangu kujua."

"Yule mutoto-mwanamuke ananiulizaka kila akinikuta, juu ya nini gari ilisimama pale." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Nilimuambiaka ni mapenzi ya Mungu. Sasa nimuambie nini?"



Aliniachia sahani. Alipofika mlangoni aligeuka: "Ile nene, ungojee ifike. Usiniwekee ingine." Akapanda pikipiki, akarudi Lac Vert bila gari.

Nimefunika bloku kwa shuka safi ili vumbi lisiingie. Hakuna kingine ninachoweza kufanya. Mikono hii inajua kufungua na kufunga injini yoyote mjini hapa, na leo imekaa tu juu ya magoti. Mmoja wa wale wamama wawili akishikwa na uchungu kesho kutwa, atashuka na nini?

Kesho asubuhi nitapanda kwenda Lac Vert. Mama Kahindo asibebe neno langu. Nitamwambia yule binti mimi mwenyewe, nikiwa mbele yake, kwamba gari lilisimama kwa sababu yangu.

Sijui nitaanzaje. Nimekumbuka sasa hivi kwamba sikuuliza hata jina lake.