Kitako Chepesi cha Bunduki

Baba Tressa,

Nimewahi zamu kliniki. Supu ya kulungu iko kwenye friji, pasha tu. Na uifute mizani yangu ya unga. Umepimia vitako vya bunduki, imejaa grisi, na kesho naoka mkate.

Bado nimekununia kidogo. Unaniamsha alfajiri, unanivika koti langu la mawindo juu ya gauni la kulalia, unanishikisha bunduki begani. “Simama sawa, mama,” huku unanipima kutoka kiwikoni hadi kidole cha kufyatulia. Nikasema moyoni, huyu anayetaka bunduki nyepesi ya kupandia milima ya Lemhi, si angeanza na kitambi?

~~Agiza kitako cha mbao, kinafanana na kile cha marehemu baba.~~

Ngoja. Navaa viatu ndiyo akili inanijia. Mikono yako imezidi yangu karibu nusu shubiri. Kitako cha kipimo kile hakikufai wewe hata kidogo. Kumbe mwaka jana nilipolalamika bega kwa uzito wa bunduki, ulikuwa unasikia.

Agiza cha nyuzi za kaboni, kile chepesi kabisa. Kulungu wa kwanza nitampiga mimi. Nyama utabeba wewe.

Mama Tressa