Mchora Ramani, Umelala Wapi?

Yahya, mume wangu,

Salamu zako nnazo, lakini sijui nizielekeze upande gani, ndiyo maana nimekaa kuandika. Ningekuwa najua ulipolazwa ningekuja nikakaa karibu yako nikakusema kwa mdomo, kama nilivyokusema miaka yote ile, nawe ukajifanya leo hukisikii Kiswahili. Sijui ulipo. Mwaka umepita na mkeo hajui kaburi lako ni lipi. Haya, nimeshasema.

Unakumbuka mambo yetu yalivyo. Mwanamke hafuati jeneza. Walikutoa hapa nyumbani Al Hail, Maskati, baada ya adhuhuri, miye nikabaki mlangoni nimeshika ukuta, na siku ile ile nikaingia eda. Kaka yangu Salum ndiye aliyekushusha kaburini kwa mikono yake. Alirudi na mchanga ungali kwenye kanzu, akanambia, "Nimemlaza pazuri, Zuwena. Ukitoka eda nitakupeleka mwenyewe." Sikumuuliza pazuri wapi. Niliona nna wakati.

Hata eda haijafika kati, mvua ikanyesha, ile mvua ya huku isiyokuja ila kwa ugomvi. Wadi, lile bonde kavu la mto, ikashuka na maji yakapita mavani. Ukuta wa chini ukaanguka na mawe ya makaburi yakasombwa. Watu wa msikitini walikwenda wakayarudisha kwa kukisia, mawili kwa mwanamume, matatu kwa mwanamke, bila jina, kama ilivyo desturi. Nami ndani, siruhusiwi kutoka, nnaletewa habari na chai. Kisha Salum, ambaye ndiye peke yake angeweza kusema hapa ndipo, kiharusi kikampiga. Ulimi umefungika. Nikimuuliza ananitazama tu na machozi yanamtoka, na mimi naona haya kumuuliza tena, na kesho namuuliza tena.

Nimemuuliza kila aliyekuzika. Mmoja anasema upande wa mkunazi. Mwengine anasema la, ukutani kabisa. Jirani yetu wa duka aliniapia kwamba alikuweka mbele ya mfereji wa maji, na mwanawe akamwambia, "Baba, hukwenda siku ile, ulikuwa Rusayl." Imamu alinionea huruma, akanambia, "Mama, muombee tu, dua inafika popote alipo." Najua inafika. Miye ndiye nisiyefika.

Na inaniuma zaidi kwa kuwa ni weye. Angekuwa mtu mwengine ningesema ni amri ya Mungu nikanyamaza. Lakini weye, uliyekula maisha yako yote kwa kufukia vitu na kuvichorea ramani! Kabati mbili humu ndani zimejaa vitabu vyako, na kila kitabu kina kitu kilichozikwa: sanduku la dhahabu, taji la sultani, jambia la vito, kisiwani, pangoni, chini ya ngome. Na kila kimoja kinapatikana kabla kitabu hakijesha. Hujapata kupoteza hata kimoja. Watoto wa Kifaransa walilala navyo chini ya mito, wakaota wao ni manahodha. Na aliyewaotesha ni mtoto wa muoka mikate, kazaliwa mji wa mvua usio na bahari, kuogelea hajui, akipanda boti anatapika kabla kamba haijafunguliwa.

Nilikujua siku ya kwanza tu kwamba huna akili sawasawa. Ulikuja dirishani kwangu, benki ya Ruwi, kubadilisha pesa. Kitabu cha Maskati ulikuwa umeshakiandika, kimeshauzwa, kimeshasomwa, ndipo ukaona uje uione Maskati yenyewe. Ukaniuliza kwa Kiingereza kilichovunjika kama milima hii ilikuwako siku zote. Nikakwambia haikuletwa jana. Ukashika kichwa, kwa sababu kitabuni pahala pa milima ulipanda mitende mpaka upeo wa macho. Ukabaki, ati usahihishe. Ukasilimu, ukanioa, ukajifunza Kiswahili changu cha Unguja mpaka wauza samaki wakikukimbia kwa maneno uliyoyaokota kwangu. Na ile mitende hukuing'oa hata mmoja.

Unakumbuka ile meza? Nimeiacha vilevile. Ulikuwa huandiki neno mpaka ramani iwe tayari. Unachora pwani, unachora mito, unaipaka karatasi chai ya rangi ionekane kuukuu, kisha unaniita kutoka jikoni. "Zuwena, lete kidole." Nami naja na mikono ina unga, nafumba macho, naweka kidole popote, na kinapoanguka ndipo unapotia alama na kuzika hazina. Nikikuuliza kwa nini usichague mwenyewe, unasema anayeandika asijue kabla, la sivyo hatoogopa. Kwa hiyo dhahabu zako zote nilizizika miye. Wasomaji wako wanaokuandikia barua mpaka leo hawajui hilo, kwamba mahodari wao wote walivuka bahari kukifuata kidole cha mwanamke aliyekuwa akikanda mkate.

Mikono hii imejua kila ulichokizika, isipokuwa weye.

Sasa sikiliza kilichonileta. Pascal amekuja.

Ndiyo, Pascal, mwanao uliyemwacha kwenu. Ulipofariki nilimpigia simu, akasema asante, akakata. Nikasema basi, huyo amekwisha. Mwezi uliopita akapiga mwenyewe, anasema yumo hoteli ya Ruwi, anataka kuliona kaburi la baba yake. Nilipomfungulia mlango nilikuona weye. Kichwa cheupe, mabega yako, na anakuna sikio kama weye ukitafuta neno. Nilimkaribisha kahawa na halua, tukazungumza kwa Kifaransa changu cha jikoni. Nilidhani atakusifu, au atakutukana. Hakufanya moja kati ya hayo. Alinisimulia bustani.

Hukuniambia habari ya bustani, Yahya. Kwamba kila akitimiza mwaka ulimfukia zawadi nyuma ya nyumba ukamchorea ramani. Kwamba mwaka ule ulipobaki huku kwetu, ulimpelekea ramani kwa posta, nzuri kuliko zote, ina nyangumi pembeni na alama nyekundu chini ya mpea. Mtoto akachimba chini ya mpea. Hakuna kitu. Akadhani kakosea hatua, akachimba kushoto, akachimba kulia. Mama yake alimkuta jioni kaichimba bustani nzima, mikono inatoka damu, anasema, "Kipo. Baba hakosei." Ulikusudia kwenda kukifukia, nakujua, ulikusudia. Ukaona bahari, ukaniona miye, ukasahau. Na kitu hicho kilikuwa nini? Hata hilo hajui mpaka leo.

Nilikukasirikia siku ile. Nimekulilia mwaka mzima, na siku ile nilitamani urudi nikugombeze.

Kisha akaweka kikombe chini akanambia, "Safari hii lazima pawe na kitu chini." Mzee mzima, Yahya, na sauti ya mtoto. Nikamwambia kesho tutakwenda. Sikuthubutu kumwambia kwamba sijui.

Asubuhi nikamchukua Salum. Nilikuwa nimebakiwa na yeye tu. Mercy, yule binti wa Kikenya anayemuuguza, akamtia garini na kiti chake cha magurudumu, tukaenda mavani wanne. Najua wapo watakaosema mwanamke anatafuta nini makaburini. Na waseme. Nilitembea katikati ya yale mawe natafuta sijui nini, labda moyo unishtuke. Haukushtuka. Mawe mawili, mawe mawili, mawe matatu, mawe mawili. Mercy akasukuma kiti kwenye mchanga jasho linamtoka, akaniuliza, "Mama, hizi mawe zote zinafanana, tutajuaje?" Hakuwa na ubaya.

Nikapiga magoti mbele ya kaka yangu. Nikamwambia, Salum, ndugu yangu, tumetoka tumbo moja, nakuomba kwa jina la mama yetu, nioneshe. Akaelewa. Wallahi alielewa, niliona machoni. Akaunyanyua mkono wake mzima, ukapanda pole pole, ukaelekea safu iliyo chini ya mkunazi, nami nikasema leo leo. Lakini mkono unatetemeka. Akiulenga hapa, unateleza pale, anaurudisha, unateleza tena. Mpaka ulipomwangukia mapajani ulikuwa umeshaonesha safu nzima. Akalia kwa sauti, ile sauti isiyo na maneno. Nikamkumbatia miguuni, nikalia nami, mbele ya mwanao.

Hapo ndipo nilipomwambia Pascal ukweli. Sijui alipo. Hakuna ajuaye.

Hakunikasirikia. Alikaa chini kwenye mchanga na suruali yake nzuri, akaitazama safu ile, akasema, "Bado ananichezea." Mercy ndiye aliyefanya kitu. Alichukua chupa ya maji ya Salum akampa, akamwonesha kwa ishara, mwaga. Pascal akainuka akamwaga kidogo kaburi la kwanza, kidogo la pili. Chupa ikesha anakwenda mfereji, anajaza, anarudi. Mawe mawili kamwagia, mawe matatu kamwagia, hakubagua. Alipomaliza safu mikono yake ilikuwa na tope mpaka kwenye vifundo.

Jioni akaja nyumbani kuniaga. Akakaa kwenye meza yako, kwenye kiti chako, akachukua penseli yako bila kuniomba. Akachora. Ukuta, lango, mfereji, mkunazi, na ile safu, kaburi moja moja. Hakuwahi kunambia kuwa anachora, na mkono ni wako. Alipomaliza akaigeuza karatasi upande wangu na kusema maneno ambayo hakujua kwamba nayajua. "Lete kidole."

Yahya, nitakueleza ilivyokuwa na Mungu ni shahidi. Nilifumba macho. Nikanyanyua kidole. Ingekuwa rahisi. Popote ningekiweka, angeamini, angerudi kwao na alama yake nyekundu, na ile bustani ingefukiwa. Nani angemwambia? Salum hasemi. Na miye nimeshazika mahazina mangapi ya uongo kwenye meza hii hii. Kidole kikawa kinashuka. Nikamwona yule mtoto chini ya mpea, ana ramani mkononi, nzuri kuliko zote. Nikasema, mara mbili? Baba mara moja, na miye mara ya pili?

Nikafungua macho nikakikunjua kiganja, nikaulaza mkono wangu wote juu ya safu. Nikamwambia, yumo humu. Zaidi ya hapa sijui.

Aliutazama mkono wangu. Nikadhani atainuka aende zake. Akaishika penseli akauzunguka, kidole baada ya kidole, kama watoto wa skuli wanavyofanya, mpaka kwenye kifundo. Nilipoutoa ulibaki mstari wa mkono wangu mzee juu ya makaburi. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni upande wa moyo. Mlangoni alinibusu kichwani, akaniita mama, kwa Kiswahili. Sijui alijifunza lini.

Ameshaondoka. Salum amelala, Mercy anaosha vyombo, na miye nimekaa na kabati mbili za vitabu ambavyo kila kitu kinapatikana ndani yake. Usidhani nimetulia. Sijatulia. Nikiamka nakutafuta, nikila nakutafuta. Nilikuwa nasikia watu wakisema fulani kapotelewa na mume, nikidhani ni namna ya kusema tu.

Nakuaga kwa leo, na ahadi yangu ni hii. Kila Ijumaa, madhali miguu inanichukua, nitakuja na ndoo nimwagie safu nzima, mwanzo mpaka mwisho. Majirani zako wanapata maji kwa ajili yako, basi kaa nao vizuri, usiwachoshe na hadithi. Na wanangu wa ndugu nimeshawausia: siku yangu ikifika, waniweke safu ile ile, pakiwa na nafasi hata ya kubanana. Mawe yangu matatu. Hapo sitamuuliza mtu wala sitataka ramani. Nitabisha mlango mmoja mmoja. Ukisikia mwanamke anagombana na watu huko nje, ni miye, fungua.

Mkeo,
Zuwena