Laptopu Niliyomwahidi Wifi Bado Ina Virusi

Mpendwa Shangazi Laurensia, naomba msaada wako, na usinicheke, maana nakuandikia nikiwa na furaha mpaka chakula hakipiti. Mimi ni mke wa mtu, naishi Visiga, kazi yangu ni kuchunguza virusi vya simu na kompyuta: navifungia ndani ya laptopu, naviamsha, natazama vinaiba nini, halafu nawaeleza watu wajikinge. Sasa nimepata laptopu mpya yenye prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, ya aina nyingine kabisa, ukoo mmoja na zile za kwenye simu, na Shangazi, we acha tu! Virusi vya simu vilivyokuwa vikijivuta kwenye ile ya zamani, humu vinaamka papo hapo, juzi nimenasa kimoja kinachosoma meseji za watu nikapiga vigelegele mpaka jirani yangu Devotha akaja mbio kuuliza nani kajifungua, na kwa raha hiyohiyo nikaenda Kisarawe kwenye sala ya kumuaga wifi yangu Yunis anayekwenda chuo, ambako wake wa nyumba ile tunasimama mmoja mmoja kutaja zawadi mbele ya mama mkwe, basi nami nikasimama nikasema laptopu yangu ya zamani ni yake, watu wakashangilia, Yunis akalia.

Kumbe sikuwa nimejaribu virusi vya kompyuta za ofisini! Hivyo vimetengenezewa prosesa ya zamani, kwenye mpya vinagoma, mpaka niweke programu ya kuiigiza ile ya zamani, na hapo vinasuasua, maharage yanaiva havijaamka. Mwenzangu wa kazi Hashiru, ambaye bado anatumia laptopu ya aina ya zamani, anasema nisiitoe, wifi atasamehe. Mume wangu anasema nikimnyima dada yake, Kisarawe nitakuwa naenda peke yangu. Yunis anakuja kuichukua Jumamosi, na virusi vyangu vyote bado vimo. Nifanyeje?

Adventina, Visiga

Adventina mwanangu, hongera! Nimesoma nikatamani nami ningekuwepo kwenye hivyo vigelegele. Haya, sasa kaa nikuseme. Umenieleza mkwe, wifi na maharage, halafu kubwa kuliko yote umelitupia mwishoni: virusi bado vimo! Mtoto wa watu angechomeka flashi yake humo, akaipeleka chuoni kwa wenzake, nawe ungesema nini? Na nani anagawa kitanda cha zamani kabla hajaona kama kipya kinapita mlangoni?

Hata hivyo, usimnyime. Ahadi ni deni, na hii ina mashahidi ukweni. Nimemuuliza Zahoro, fundi wetu wa kompyuta hapa studio ya redio, anasema hivi: ng'oa diski yenye virusi uifungie kabatini, weka diski mpya kabisa, ndipo umkabidhi. Mwambie Yunis ukweli kwa nini umeibadilisha, atakuheshimu zaidi. Virusi vya ofisini visuasue kwenye mpya, kusuasua siyo kugoma, wewe injika maharage yako. Siku vikigoma kabisa, nenda kwa Hashiru akuazime laptopu yake. Si yeye aliyesema watu husamehe?

Na Jumamosi Yunis akibisha hodi, toka nje umpigie vigelegele vilevile ulivyompigia mwizi wa meseji. Devotha akija mbio kuuliza kuna nini, mwambie, "Wifi yangu amefika."